Wanawake Wawili wa Jina Moja

Nilikuwa na miaka arobaini na saba nilipoanza kusomea hifadhidata za kompyuta, na sikuanza kwa kupenda. Nilianza kwa sababu nilikuwa nimemfuta mtu.

Mimi ni karani wa rekodi katika zahanati ndogo upande wa Uriri, kwenye barabara inayoelekea Ogwedhi. Kwa miaka mingi nilifanya kazi hiyo kwa vitabu vikubwa vya jalada gumu. Kila mgonjwa alikuwa na ukurasa wake, jina likiwa juu, tarehe za kuja kwake zikishuka chini moja baada ya nyingine. Pembeni niliandika mambo ambayo hayakuwa na mahali pengine: huyu hasikii sikio la kushoto, huyu mtafute kwa simu ya shemeji yake, huyu asidungwe penisilini. Maneno kama hayo ya mwisho niliyaandika kwa kalamu nyekundu.

Pembeni ndipo nilipowatenganisha pia watu wa jina moja. Kwetu mtoto hupewa jina la saa aliyozaliwa, au la mvua iliyokuwa ikinyesha, au la njia ambayo mama yake alikuwa akipita. Waliozaliwa alfajiri peke yao wanaweza kujaza benchi letu lote. Ongeza majina ya kanisani, ambayo nayo si mengi, kisha jina la mume, ambalo ni la ukoo mzima, na utapata wanawake wawili ambao kwenye karatasi ni mtu mmoja.

Sisi tulikuwa nao. Mmoja alikuwa ameolewa kutoka bonde la Lambwe, kwa hivyo watu walimwita nyar Lambwe, yaani binti wa Lambwe, maana mke kwetu huitwa kwa mahali alikotoka. Wa pili alikuwa ameishi miaka mingi kisiwani Remba akiuza omena, dagaa wa ziwani, kabla ya kurudi nyumbani, naye tulimwita mama wa Remba. Majina yao matatu yalifanana herufi kwa herufi. Wote wawili walikuja kila mwezi kupimwa presha. Sikuwahi kuwachanganya hata siku moja. Nyar Lambwe alikuwa mrefu, mkimya, na alipenda kukaa karibu na mlango. Mama wa Remba ulimsikia akiwa bado langoni.

Kisha tukapewa kompyuta. Sista, muuguzi msimamizi wetu, aliniita akaniambia nihamishe vitabu vyote ndani yake. Nilikuwa nimejifunza kidogo kutumia lahajedwali, ile karatasi ya kompyuta yenye vijumba vingi, nikadhani inatosha. Nikapiga chapa kuanzia Januari hadi mvua za masika zikaisha. Kila mtu alikuwa na mstari mmoja mrefu: jina, kijiji, simu, ziara ya kwanza, ziara ya pili, ziara ya tatu, mpaka karatasi ikakimbilia mkono wa kulia nisione mwisho wake. Aliyekuja mara nyingi kuliko safu nilizokuwa nazo, nilimwanzishia mstari mwingine. Maneno ya pembeni niliyaweka kwenye safu niliyoiita "mengineyo", pale nilipokumbuka. Macho yalikuwa yakiniuma.

Nilipomaliza, niliona majina mengi yamejirudia. Ile programu ina kitufe cha kuondoa mistari inayofanana. Nikaiambia iangalie jina peke yake. Nikabonyeza. Ikaniambia imeondoa mistari mingi, na nakumbuka nilijisikia vizuri, kama mtu aliyefagia nyumba. Vitabu tukavifunga kwa kamba, vikapelekwa stoo.

Siku jambo lilipotokea, mimi nilikuwa matangani kwa dada yangu. Nyar Lambwe alikuja na kidonda mguuni kilichokuwa kimeanza kunuka. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa mgeni, hakuwa amemaliza hata mwezi nasi. Alimwuliza kama kuna dawa inayomdhuru.

"Si mliandika hapo?" nyar Lambwe akasema.

Muuguzi akatazama kompyuta. Jina lilikuwepo, na kwenye "mengineyo" hapakuwa na kitu. Alichokuwa akikiangalia ni mstari wa mama wa Remba. Wa nyar Lambwe, wenye onyo la penisilini, ulikuwa umeondoka na ule ufagio wangu. Akamdunga penisilini.

Niliyoyasikia niliporudi yalitosha. Midomo ilivimba, akashindwa kuvuta pumzi, akaanguka kabla hajafika mlangoni. Sista alikuwa karibu na sindano ya kumwokoa ilikuwepo. Akapelekwa hospitali kubwa mjini Migori akiwa hajitambui, na siku ya tatu akarudi nyumbani kwa miguu yake. Hakufa. Nimelirudia neno hilo mara nyingi: hakufa.

Yule muuguzi mgeni alitaka kuacha kazi. Nilimwita kando nikamwambia kosa ni langu, nikamwonyesha kitufe chenyewe.

"Hii kitu ndogo hivi?" akauliza.

Sista hakunigombeza, na hilo lilinichosha zaidi. Alisema tu, "Wewe enda ujifunze hii kazi vile inafanywa. Vitabu virudi mezani mpaka utakapojua."

Mahali pa kujifunzia nilipapata Homa Bay, kwenye chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwalimu alikuwa mwanamke wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja mjini hapo na biashara ya nguo. Ndugu zake waliendesha duka la chini, naye juu alifundisha kompyuta. Alifundisha Jumapili. Mimi ni Msabato, siwezi Jumamosi, na kwake Jumapili ilikuwa siku kama nyingine. Mwanafunzi mwenzangu mmoja, mzee aliyekuwa katibu wa parokia, alikuja akitoka misa ya kwanza, shati lake likiwa bado limenyooka. Wengine walianza nasi wakaacha. Kufikia mwezi wa pili tulikuwa tumebaki wawili.

Niliondoka nyumbani kabla ya jua, nikapitia Awendo na Rongo, nikafika Homa Bay nimeshachoka. Harufu ya dagaa wanaokauka ilipanda hadi dirishani. Jumatatu niliamka na kwenda kazini kama vile wiki haikuwa na mapumziko, kwa sababu haikuwa nayo. Sabato nilisinzia kanisani, mume wangu akinigusa kwa kiwiko.

Nilitarajia tutawashiwa kompyuta. Mwalimu alitupa karatasi na penseli.

"Kabla ya kuandika chochote," alisema, "niambieni kitu kimoja kinachomtambulisha mgonjwa, ambacho hakuna mwingine anacho, na ambacho hakibadiliki."

"Jina," akasema mzee wa parokia, kisha akacheka mwenyewe. Vitabu vyake vya ubatizo vilikuwa na shida ileile.

"Namba ya simu," nikasema.

"Mtu akiibiwa simu?"

"Namba ya kitambulisho."

"Mtoto mchanga anacho?"

Nikataja tarehe ya kuzaliwa, ingawa nilijua jibu. Wazee wetu wengi, ukiwauliza, wamezaliwa Januari mosi. Ni makarani kama mimi tuliowazalisha siku hiyo.

"Basi mpe namba yako mwenyewe," mwalimu akasema. "Namba isiyo na maana yoyote. Isiseme kijiji chake, wala mwaka, wala ugonjwa. Kazi yake iwe moja tu, kusema huyu si yule. Hiyo ndiyo tunaita ufunguo."

Nilibishana naye. Nilimwambia watu wetu si ng'ombe wa kupigwa chapa. Nilimwambia mimi nawajua kwa sura, nawajua mpaka mama zao. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Nilikuwa nimemweleza habari ya nyar Lambwe siku ya kwanza, aliponiuliza kwa nini nimekuja.

"Wewe unawajua, dada yangu," akasema. "Lakini siku ile hukuwepo."

Nikachukua penseli.

Majuma yaliyofuata tulichora majedwali. Alitaka kila jedwali lishughulikie kitu kimoja. Wagonjwa wawe na lao: namba, jina, jinsia, kijiji. Ziara ziwe na lao, kila ziara mstari wake, ikibeba namba ya mgonjwa kama mtoto anavyobeba jina la baba. Dawa zinazodhuru ziwe na lao pia, kwa sababu mtu mmoja anaweza kudhuriwa na mbili au tatu. Mara ya kwanza kuliona hilo la ziara, niliona aibu. Ule mstari wangu mrefu uliokimbilia kulia, wenye ziara ya kwanza na ya pili na ya ishirini, ulikuwa ni jedwali la pili lililolazimishwa kulala ndani ya la kwanza. Mama wa Remba alipohama kijiji, nilikuwa nimebadilisha mahali pamoja nikasahau pengine, akawa anaishi sehemu mbili.

"Jambo moja, mahali pamoja," mwalimu alikuwa akisema, akipita nyuma yetu na penseli yake. Alilisema mpaka nikawa nalisikia nikiosha vyombo.

Kuna sehemu ilinishinda. Ni pale watu wengi wanapohusiana na vitu vingi. Tulikuwa na kliniki ya presha, ya sukari, ya wajawazito. Mgonjwa mmoja huenda kliniki kadhaa, na kliniki moja ina wagonjwa wengi. Nilijaribu kuweka kliniki kwenye jedwali la wagonjwa, ikajirudia. Nikaweka wagonjwa kwenye jedwali la kliniki, wakajirudia. Mwalimu alisema jedwali la tatu linahitajika katikati, lakini sikuona katikati ni wapi. Jumapili mbili nilirudi nyumbani na karatasi zilizofutwa mpaka zikatoboka. Ya pili nilimwambia mume wangu kwamba nimezeeka, kichwa kimefungwa, na kwamba nitamwomba sista anipe kazi ya kufua mashuka.

"Basi fua," alisema. "Lakini nani ataandika?"

Ni mzee wa parokia aliyenifungulia. Tulikuwa tumeketi kwenye ngazi za duka tukila mahindi ya kuchemsha. Akaniuliza, "Nyinyi Wasabato hamna wasimamizi wa ubatizo, sivyo?"

"Hatuna. Tunabatizwa watu wazima, kila mtu anajisimamia."

"Sisi tunao. Mama mmoja pale kwetu amesimamia watoto wengi, mimi nimechoka kumwandika. Na mtoto anaweza kuwa na wasimamizi wawili. Sasa niambie, habari ya kwamba huyu amemsimamia yule inakaa wapi? Si mali ya mtoto. Si mali ya yule mama."

"Inakaa kwenye ubatizo wenyewe," nikasema.

"Eeh. Siku ile kanisani. Hiyo siku ndiyo mstari. Namba ya mtoto, namba ya msimamizi, tarehe. Basi."

Nikaliweka hindi chini. Kwangu, siku ile ilikuwa ni kuandikishwa. Mgonjwa huyu, kliniki hii, tarehe hii. Hakuna jina lililojirudia popote. Niliingia ndani nikachora kabla sijasahau, na mwalimu aliinama, akatazama, akaweka alama ndogo pembeni.

Kompyuta tuliziwasha baadaye sana. Tuliingiza wagonjwa wa kubuni, ziara zao na kliniki zao, tukajifunza kuiuliza maswali na kuweka nakala ya akiba mahali pengine. Mchana mmoja mwalimu alitwambia, "Sasa mfuteni mgonjwa mmoja."

Sikutaka. Mkono wangu ulikataa kabisa, na yeye aliona.

"Futa," akasema kwa upole. "Ni wa kubuni."

Nikamchagua mwanamke mmoja, nikatoa amri ya kumfuta. Kompyuta ikakataa. Iliandika kwamba mtu huyo hawezi kuondolewa kwa sababu kuna mistari katika majedwali mengine inayomtegemea. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Mwalimu alieleza kwamba ni sisi tulioiwekea sheria hiyo, tulipouunganisha ufunguo na ziara zake. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimefunika uso kwa leso, na mzee wa parokia akajifanya anatafuta miwani yake chini ya meza.

Niliporudi zahanati na ujuzi huo, kazi yenyewe ndiyo kwanza ilianza. Vitabu vya zamani vilivyobaki stoo mchwa walikuwa wamevionja, na kurasa nyingine zilikuwa zimepoteza pembe, hasa pale nilipokuwa nikiandika kwa wino mwekundu. Palipopotea, nilingoja mgonjwa aje nimwulize. Wengine walichukia kuulizwa upya mambo waliyokwisha kusema. "Nyinyi mna kazi gani kama kila siku ni kuuliza?" mzee mmoja aliniambia.

Nyar Lambwe alikuwa ameacha kuja. Niliona siwezi kumngoja kwenye benchi, nikaenda kwake. Nilimkuta akipura maharagwe. Aliniletea kiti, akaendelea na kazi yake.

Nikamwambia yote. Kwamba vitabu viliingizwa kwenye kompyuta, kwamba kulikuwa na mistari miwili ya jina lake, kwamba niliondoa mmoja nikidhani ni marudio.

"Kwa hivyo nilifutwa," akasema.

"Ulifutwa, mama."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akapura kidogo. "Mimi nilidhani ni yule msichana aliyenidunga. Nimemlaani yule msichana."

"Hakuwa na kosa. Alisoma nilichoandika."

"Watoto wangu walikuwa wananiita, nasikia, siwezi kujibu. Unajua hiyo ni nini?"

Nikasema sijui. Nilisema naomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na haki ya kungoja hapo mpaka aseme. Alipepeta, akapuliza makapi, kisha akauliza, "Na yule mwenzangu wa Remba, yeye aliandikwa?"

"Yeye alibaki."

"Yeye husikika," akasema. Sikujua kama huo ni utani.

Nikampa kadi niliyomwandikia, yenye namba yake na jina la dawa asiyopaswa kupewa. Aliisoma, akaniuliza namba ile maana yake ni nini. Nikamwambia haina maana, ni kwamba tu hakuna mtu mwingine duniani aliye nayo. Akaniambia dunia ni kubwa, niseme Uriri. Akaiweka ndani ya mfuko wa plastiki.

Alirudi kliniki mwezi uliofuata. Tangu hapo, kila akija, huitoa kadi yake kabla hajaketi, na huizunguka meza ili aione skrini, ahakikishe namba ni ileile. Wenzangu huona anapoteza wakati. Mimi humngoja.

Hifadhidata yangu ilifanya kazi miaka miwili na kidogo. Haikuwa nzuri kutazama. Umeme ulipokatika ilitubidi tungoje, na mara mbili niliirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. Lakini nyar Lambwe na mama wa Remba walikuwa watu wawili ndani yake, na vivyo hivyo wengine wengi niliokuja kugundua kwamba nao niliwahi kuwaunganisha: ndugu, mapacha, baba na mwana wa jina moja.

Kisha ikaja habari kwamba vituo vyote vitapata mfumo mmoja kutoka juu. Sista alikuwa ameshahamishwa kwenda kwingine. Aliyechukua nafasi yake aliniambia habari hiyo akipita, kama mtu anayekuambia mvua itanyesha. Nilikaa. Nilifikiria zile Jumapili zote. Sikuwa na hasira, nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa kwenye mifupa ambao hata usingizi hauugusi.

Mtaalamu aliyekuja kuhamisha kumbukumbu alikuwa na haraka. Alisema kwenye vituo vingine amekuwa akilala siku nne, tano, akitenganisha watu. Akafungua majedwali yangu, akashuka polepole.

"Nani alitengeneza hii?" akauliza.

"Mimi."

Akanitazama, kisha akatazama sare yangu ya karani. "Ulisoma wapi, mama?"

"Homa Bay. Juu ya duka la misumari."

Akatikisa kichwa, akaanza kuhamisha. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza. Alijaribu majina kumi, yote yakaja na ziara zake na maonyo yake. Akanishukuru, akafunga kompyuta yake ndogo, akasema ataondoka mapema mara hii, apitie sokoni amnunulie mkewe ndizi.

Nilimsindikiza hadi langoni. Niliporudi nikanywa chai iliyokuwa imepoa, kisha nikaanza kufunga madirisha, kwa sababu mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Narok na upepo ulikuwa umeanza kuleta vumbi ndani.